Madini Yaliyolala Pamoja Kipushi

Shaba ya Kolwezi hupitisha umeme vizuri kuliko metali zote isipokuwa fedha, ndiyo maana imelazwa ndani ya kuta za nyumba za dunia nzima. Lakini ichukue shaba hiyo, isafishe kadiri uwezavyo, kisha ipoze mpaka karibu na sifuri kamili, yaani nyuzi 273 za Selsiasi chini ya pale maji yanapoganda: bado itauzuia umeme kidogo. Risasi ikipozwa namna hiyo, ukinzani wake hutoweka wote. Zinki vilevile, na zebaki vilevile. Shaba haikubali, wala fedha na dhahabu hazikubali.

Kolwezi ni mji wa Katanga, kusini mwa Kongo, unaoujua ukinzani kwa gharama yake. Mwaka 1982 ilikamilika laini ya umeme kutoka mabwawa ya Inga, katika Kongo ya chini, hadi kituo cha kubadilishia umeme cha Kolwezi, safari ya kilomita 1,700 hivi inayokata nchi nzima. Wahandisi waliuinua umeme huo hadi volti 500,000 na kuusafirisha kwa mkondo mnyoofu, kwa sababu kila kilomita ya waya hula sehemu ya umeme na kuitapika kama joto. Kwa miaka mingi hapakuwa na laini ndefu kuliko hiyo duniani. Ilijengwa ili matanuru na mabeseni ya kusafishia shaba yasilale giza, na shaba yenyewe, iliyokuwa sababu ya ujenzi wote huo, haiwezi kuupitisha umeme bila kuulipisha ushuru.

Historia ninayotaka kuisimulia inaanza mwaka 1911 mahali pawili. Lubumbashi, ambayo Wabelgiji waliiita Élisabethville, tanuru la kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga lilimwaga shaba yake ya kwanza mwaka huo. Watu wa nchi hiyo walikuwa wakiyeyusha shaba karne nyingi kabla ya kampuni kuja, wakiimimina katika misalaba midogo iliyotumika kama pesa hadi mbali sana na Katanga, lakini tanuru hili lilikuwa la aina nyingine. Mwaka huohuo, mjini Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes alikuwa akipoza zebaki kwa heli iliyogeuzwa kimiminika. Ilipofika karibu nyuzi 4 juu ya sifuri kamili, ukinzani ulianguka ghafla na kupotea. Kitu cha namna hiyo leo kinaitwa supakondakta. Mkondo ukishaanzishwa ndani yake huzunguka bila kuchoka.

Kwa miaka zaidi ya 30 hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kuyataja mambo hayo mawili katika sentensi moja. Kilichoyaunganisha ni shimo la Kipushi.

Kipushi iko kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi, mpakani kabisa na Zambia. Union Minière ilianza kuchimba hapo mwaka 1924 na kuupa mgodi jina la Prince Léopold. Anayezijua ardhi za Kolwezi, Kamoto, Musonoi na Mutanda, ambako shaba na kobalti hulala katika matabaka mapana, atashangaa akifika Kipushi. Hapo madini yamesimama, yakiteremka kufuata ufa wa mwamba hadi zaidi ya mita 1,000 chini, na hayakuja mawili tu. Kuna zinki nyingi, shaba, risasi, na chembe za metali ambazo wachimbaji wa kwanza hawakuwa na matumizi nazo. Zinki ya Kipushi iliishia Kolwezi: mwaka 1953 kiwanda cha Metalkat kilianza kuisafisha hapo kwa umeme, mwaka mmoja baada ya bwawa la Nzilo kuanza kuufanyisha kazi mto Lualaba. Kwa hiyo wafanyakazi wa Kolwezi walishika kwa mikono yao mazao ya shimo ambalo wengi wao hawakuwahi kuliona.

Ndani ya mawe ya Kipushi palikuwa na kitu cha rangi ya shaba iliyoiva, chenye wekundu wa chungwa, ambacho wanamadini walikidhania kuwa aina ya bornaiti, madini ya shaba, wakakiita bornaiti ya chungwa. Mwaka 1948 mtaalamu J. F. Vaes alionyesha kuwa ni madini ya peke yake, yenye shaba, zinki, chuma, salfa na germani. Yalipewa jina la renieriti, kwa heshima ya Armand Renier, aliyekuwa mkuu wa idara ya jiolojia ya Ubelgiji. Miaka 10 baadaye, mwaka 1958, yalielezwa madini mengine kutoka Kipushi na kutoka Tsumeb, Namibia ya leo: galiti, madini ya kwanza kujulikana ambayo gali ni sehemu ya mwili wake na si uchafu uliopitia tu. Msomaji ayaweke kando majina hayo mawili, germani na gali. Yatarudi pamoja.

Germani yenyewe ilitabiriwa kabla ya kuonekana. Mwaka 1871 Mendeleev aliacha nafasi tupu katika jedwali lake chini ya silikoni, na mwaka 1886 Clemens Winkler aliijaza nafasi hiyo huko Freiberg, Ujerumani. Baada ya hapo ikakaa miongo mingi bila kazi ya maana. Haikuwa metali nzuri wala kihami kizuri. Iko katikati, na vitu vya katikati tunaviita semikondakta.

Tabia ya semikondakta inatokana na jinsi atomu zake zilivyojipanga. Katika fuwele ya germani kila atomu imewashika mikono jirani 4, na kila mkono umekamatwa. Hakuna elektroni iliyo huru, kwa hiyo umeme hauna wa kuubeba. Sasa ondoa atomu moja ya germani, weka ya gali mahali pake. Gali ina mikono 3 tu. Panabaki pengo, na pengo hilo hutembea: elektroni ya jirani huruka kulijaza, ikiacha pengo kwake, na umeme unapita. Kazi hii ya kutia kidogo cha kigeni ili kikubwa kibadilike, mpishi yeyote anaijua. Ni kukoleza. Germani iliyokolezwa kwa gali kidogo ni kitu kingine kabisa na germani tupu.

Lakini huwezi kukoleza mchuzi ambao tayari una mchanga. Wakati wa vita vya pili vya dunia, Karl Lark-Horovitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitumia miaka kuisafisha germani kabla ya kuthubutu kuikoleza kwa makusudi. Desemba 1947, katika maabara za Bell, Marekani, John Bardeen na Walter Brattain waligusisha ncha mbili za dhahabu kwenye kipande cha germani na kupata transista ya kwanza, kifaa cha kukuza ishara za umeme. Mwenzao Gordon Teal akasisitiza kwamba fuwele iwe moja isiyo na maungio, na William Pfann akabuni njia ya kuyeyusha kipande cha germani ukanda kwa ukanda, ili uchafu usukumwe hadi mwisho wake kama ufagio unavyosukuma vumbi. Uchafu ulipungua hadi chini ya atomu 1 katika bilioni kadhaa. Sijui kazi nyingine ya usafi katika historia ya viwanda iliyofanywa kwa ukali kama huo.

Hapo ndipo Kipushi ikawa na thamani mpya. Dunia iliyotaka redio za mfukoni ilitaka germani, na renieriti ilikuwa nayo. Kati ya 1956 na 1978 mgodi huo ulitoa tani 278 za germani. Ni namba ndogo ukiilinganisha na tani milioni 6.6 za zinki na milioni 4 za shaba zilizotoka hapo kati ya 1924 na 1993, lakini germani hupimwa kwa kilo, na katika miaka ya 1950 Kipushi ilikuwa miongoni mwa vyanzo vyake vikuu duniani. Ilisafirishwa hadi Olen, Ubelgiji, kiwanda kilekile kilichokuwa kikitoa radiamu kutoka mawe ya urani ya mgodi wa Shinkolobwe tangu 1922. Iliyobaki iliingia tanuruni Lubumbashi pamoja na shaba, sehemu ikapaa na moshi, sehemu ikamwagwa na mavi ya shaba kwenye mlima mweusi ulio kando ya bomba refu la moshi. Mlima huo ulikua hadi tani milioni 14 hivi.

Wakati treni za Katanga zikibeba mawe hayo kwenda bandarini, Bardeen, mtu wa transista, alikuwa ameigeukia zebaki ya Leiden. Mwaka 1957, pamoja na Leon Cooper na Robert Schrieffer, alieleza kwa nini ukinzani hutoweka. Elektroni zinachukiana, lakini ndani ya fuwele elektroni inayopita huzivuta atomu kidogo kuelekea kwake. Ni kama mtu apitaye kwenye nyasi ndefu za msitu wa miombo: anayetangulia huzilaza nyasi, anayefuata hupata njia. Kwa hila hiyo elektroni hushikana jozi, na jozi zote zikienda kwa hatua moja, hakuna kigingi kinachoweza kumwangusha mmoja peke yake. Katika shaba, atomu na elektroni zinashikana kwa ulegevu mno, nyasi hazilali. Ndiyo sababu ya lile nililoanza nalo.

Swali lililofuata ndilo lililonivuta niandike. Ikiwa fuwele ndiyo inayozishikanisha jozi, je, fuwele ikivurugika, jozi hazitavunjika?

Aliyejibu ni Philip Anderson, mtu wa maabara za Bell pia, na alijibu mara mbili katika miaka miwili, kwa majibu yanayoonekana kugombana. Mwaka 1958, akiwa amechochewa na majaribio ya silikoni iliyokolezwa kwa fosforasi, alionyesha kwamba vurugu ikizidi kiasi, elektroni hunaswa mahali pamoja na umeme hukoma. Anayetaka picha yake aende Kolwezi masika. Ardhi imejaa mashimo yaliyochimbwa na kuachwa, na mvua ikianza, kila shimo lina maji yake lakini hakuna mto. Maji yapo, ila hayaendi popote. Mvua ikizidi, mashimo yanafurika, yanaungana, na mkondo unaanza. Semikondakta iliyokolezwa kidogo ni yale mashimo ya mwanzo wa mvua, na iliyokolezwa sana ni mashimo yaliyofurika.

Mwaka 1959 Anderson akaandika kuhusu supakondakta chafu, na hapo akasema kinyume cha kile mtu angetarajia: uchafu wa kawaida hauiui supakondakta. Jozi ya elektroni ni kama watu wawili wanaoipita barabara moja yenye mashimo, mmoja akienda na mwingine akirudi. Mashimo ni yaleyale kwa wote wawili, kwa hiyo wanaendelea kulingana. Uchafu hubadilisha barabara, haubadilishi ulinganifu wao. Isipokuwa uchafu wa aina moja: atomu yenye usumaku. Hiyo huitendea elektroni moja hivi na mwenzake vile, kwa kuwa mizunguko yao imepingana, na jozi inavunjika. Alexei Abrikosov na Lev Gor'kov walilifanyia hesabu jambo hilo mwaka 1960, wakaonyesha kwamba uchafu wa sumaku ukifika kiwango fulani, tabia ya supakondakta hufa kabisa. Chembe za shaba ndani ya supakondakta hazidhuru sana. Kobalti ina usumaku wake, na ikibaki nao ndani ya supakondakta ni sumu. Wale wanaozitenga shaba na kobalti kila siku katika mabeseni ya kiwanda cha Luilu, Kolwezi, wana haki ya kujua kwamba maumbile yamezitenga kwa sababu hii pia.

Kwa hiyo neno vurugu peke yake halituambii kitu. Inafaa kuuliza ni vurugu gani, kiasi gani, na iko wapi. Nusu karne iliyofuata ya utafiti juu ya semikondakta zilizokolezwa imekuwa kazi ya kuuliza hayo matatu.

Mwaka 1964 Marvin Cohen wa Marekani alitabiri kwamba hata semikondakta inaweza kuwa supakondakta ikikolezwa vya kutosha, na mwaka huohuo majaribio ya mchanganyiko wa germani na teluri, kisha ya titaneti ya stronti, yakamthibitisha, kwa baridi ya sehemu ya nyuzi 1 tu juu ya sifuri kamili. Germani tupu, silikoni na almasi zilisubiri. Tatizo lilikuwa lile la chumvi ndani ya maji: kuna kiasi kinachoyeyuka, na kinachozidi hutulia chini. Germani hukubali gali kwa asilimia 1 hivi ya nafasi zake, kisha hukataa. Ukilazimisha zaidi, atomu za gali hujikusanya vinundu.

Vinundu hivyo vimewasumbua watafiti. Gali yenyewe ni supakondakta chini ya nyuzi 1.1 juu ya sifuri kamili, na gali isiyo na mpangilio wa fuwele huwa supakondakta kwenye joto la juu zaidi ya hapo. Mtafiti akiona ukinzani umetoweka katika germani yenye gali nyingi, analazimika kujiuliza kama anaiona germani au anaviona vinundu vya gali vilivyojificha ndani yake. Hii ni vurugu ya aina mbaya kuliko zote kwa mwanasayansi, kwa sababu haimzuii kupata jibu. Inampa jibu la kitu ambacho hakukiuliza.

Almasi ilitangulia. Mwaka 2004 Warusi, wakiongozwa na Evgeny Ekimov, walikoleza almasi kwa boroni chini ya mgandamizo mkubwa na kupata supakondakta karibu nyuzi 4. Mwaka 2006 silikoni ikafuata nchini Ufaransa, mikononi mwa Etienne Bustarret na wenzake, walioiyeyusha uso wake kwa leza ili boroni iingie na kugandishwa kabla haijakimbia. Ilipata theluthi ya nyuzi 1. Mwaka 2009, katika kituo cha utafiti cha Rossendorf karibu na Dresden, Thomas Herrmannsdörfer na wenzake waliifikia germani. Walizirusha atomu za gali kwa kasi ndani ya germani kama risasi za bunduki. Fuwele ilibomoka, ikabaki kifusi. Kisha wakaimulika kwa taa kali kwa milisekunde chache, muda uliotosha fuwele ijijenge upya lakini usiotosha gali ijikusanye. Ukinzani ulitoweka karibu nusu ya nyuzi 1 juu ya sifuri kamili. Germani ilikuwa imekubali, lakini kwa kusitasita, ikiwa bado na makovu ya bomoabomoa.

Oktoba 2025 kikundi cha Chuo Kikuu cha New York, Chuo Kikuu cha Queensland cha Australia, ETH ya Zurich na Chuo Kikuu cha Ohio State kilichapisha njia isiyobomoa. Javad Shabani, Peter Jacobson na wenzao hawakuirushia fuwele kitu chochote. Waliijenga tangu mwanzo ndani ya chumba kisicho na hewa, tabaka juu ya tabaka la atomu, wakichanganya germani na gali polepole. Karibu asilimia 18 ya nafasi za germani zilishikwa na gali, na mionzi ya eksirei ilionyesha kwamba atomu hizo zimekaa palepale germani ingekaa, fuwele ikiwa imejinyoosha kidogo tu upande mmoja. Ukinzani ulitoweka kwenye nyuzi 3.5. Walitumia elementi mbili zilezile za mwaka 2009, zenye ukaidi uleule wa kutopenda kukaa pamoja, na joto ambalo ukinzani hutoweka likapanda mara 7. Tofauti ni mahali gali ilipokaa, na wingi wake pale ilipokaa.

Namshauri msomaji asidanganywe na namba hiyo. Nyuzi 3.5 juu ya sifuri kamili ni baridi kali mno, na hakuna atakayetandika waya wa germani kutoka Inga hadi Kolwezi. Manufaa yake ni mengine: kifaa kimoja ambacho sehemu yake ni semikondakta na sehemu yake supakondakta, bila mshono mchafu katikati, ni kitu ambacho wajenzi wa kompyuta za kwanta wamekitafuta kwa muda mrefu.

Na Kipushi? Silikoni iliipokonya germani soko la transista katika miaka ya 1960. Januari 1967 serikali ya Kongo iliichukua Union Minière nchini, na baadaye kampuni mpya ikaitwa Gécamines. Mwaka 1993 mgodi ulisimama, na baadaye maji yakapanda ndani yake. Germani ikapata kazi nyingine, katika nyaya za mwanga za intaneti na lenzi za kuonea gizani, na China ikawa mzalishaji mkuu wa germani na gali pia. Tangu Agosti 2023 China imeweka sharti la vibali kwa usafirishaji wa elementi hizo mbili, na ghafla miji mikuu mingi ikakumbuka ramani ya Katanga. Juni 2024 Kipushi ilianza tena kutoa zinki. Mwaka huohuo STL, kampuni ya Gécamines, ilianza kupeleka Ubelgiji germani iliyotolewa katika ule mlima mweusi wa Lubumbashi, kwa mkataba na kampuni ya Umicore. Umicore ni jina ambalo Union Minière ya Ubelgiji ilijipa mwaka 2001. Mawe yamerudi kwa familia ileile, na kiwanda cha Olen kiko palepale.

Sioni aibu kusema kwamba hilo linaniuma. Katika mwamba mmoja wa Kipushi maumbile yaliweka renieriti na galiti, na Ulaya, Marekani na Australia zimetumia vizazi viwili kujifunza jinsi ya kuziweka germani na gali katika fuwele moja, huku anayeishi juu ya mwamba huo akifundishwa kwamba utajiri wake ni shaba na kobalti tu. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilianza mwaka 1956, mwaka uleule ambao hesabu ya germani ya Kipushi inaanza. Walimu wa fizikia wa Lubumbashi na Kolwezi, wekeni kipande cha renieriti mezani siku mnapofundisha semikondakta, na mwambieni mwanafunzi kimetoka wapi.